Mfumo wa faili umeganda kwenye RAID 1: kumsaka anayesubiriwa

Dalili huwa ni zile zile. `ls` kwenye saraka moja hairudi. Hifadhidata imeacha kujibu lakini haijafa. Mzigo wa wastani umepanda hadi 60 huku prosesa imekaa bure. `kill -9` haifui dafu. Ukitazama `/proc/mdstat` unakuta `[UU]`, yaani diski zote mbili zimo na safu (RAID 1: diski mbili zinazobeba nakala ile ile) haina kasoro yoyote inayoijua. Hapo ndipo wengi hunyoosha mkono kwenye swichi ya umeme.

Subiri kwanza. Ukizima sasa, mashine itaamka, safu itajisawazisha, kila kitu kitaonekana kizima, na baada ya siku chache utarudi kwenye dalili hizo hizo bila ushahidi wowote mkononi. Mara nyingi mfumo wa faili ulioganda haujavunjika, unasubiri tu. Programu inasubiri mfumo wa faili, mfumo wa faili unasubiri safu, safu inasubiri diski, na diski inahangaika na sekta iliyochakaa. Kazi yako ni kushuka ngazi hizo hadi umpate yule anayesubiriwa na wote. Nitakayoyaeleza yanahusu Linux yenye safu za md (sehemu ya kerneli inayoendesha safu), zile zinazoundwa kwa `mdadm`, pamoja na ext4 au XFS juu yake.

Kuna jambo moja la kuelewa kabla ya amri yoyote. Diski mbili zinazoakisiana hukukinga dhidi ya diski inayokufa na ikasema imekufa. Hazikukingi dhidi ya diski inayougua kimya kimya. Kila kinachoandikwa lazima kifike kwenye diski zote mbili ndipo md iuambie mfumo wa faili kwamba kazi imekwisha, kwa hiyo safu nzima huandika kwa mwendo wa diski iliyo dhaifu. Kusoma, kwa upande mwingine, huenda kwenye diski moja tu kati ya mbili. Ndiyo maana kuganda huku huwa na sura ya ajabu: faili hii inafunguka papo hapo, jirani yake haifunguki kabisa, na baada ya dakika chache mambo yamegeuka.

## Usijikwamishe mwenyewe

Kikao cha SSH ulichonacho kitunze kama mboni ya jicho. Kuingia upya huandika kumbukumbu za kuingia, na kama zinaandikwa kwenye safu hiyo hiyo, mlango mpya hautafunguka. `df` usiiguse: huuliza kila mfumo uliopachikwa, na ikifika kwenye ule ulioganda itabaki hapo hapo. Orodha ya vilivyopachikwa iko `/proc/mounts`, na kuisoma hakugusi diski.

Ikiwa mfumo mkuu wenyewe uko kwenye safu iliyoganda, hata amri za kawaida zinaweza kugoma, kwa sababu programu ambayo haimo tayari kwenye kache ya RAM lazima isomwe kutoka diski. Amri zilizo ndani ya ganda (shell) lenyewe ndizo msaada wako:

    while read -r l; do echo "$l"; done < /proc/mdstat

Hiyo haihitaji `cat`. Ina sura mbaya, lakini inafanya kazi wakati `cat` imekwama.

Ushahidi usiuandike kwenye mfumo ulioganda. Andika `/dev/shm`, ambayo ni RAM tupu, au upeleke moja kwa moja kwenye mashine nyingine:

    dmesg -T > /dev/shm/dmesg.txt
    echo w > /proc/sysrq-trigger
    dmesg -T > /dev/shm/dmesg-w.txt

Herufi `w` huiambia kerneli ichapishe kila mchakato uliokwama katika hali ya D (usingizi wa kusubiri usiokatizwa hata na `kill -9`) pamoja na mlolongo wa fanksheni ulimokwama. Mtumiaji root anaruhusiwa kuandika kwenye `/proc/sysrq-trigger` hata pale ambapo vitufe vya kibodi vya SysRq vimezuiwa. Zirudie amri mbili za mwisho baada ya nusu dakika, ukibadilisha jina la faili. Picha mbili zilizopishana kwa muda zina thamani kuliko moja nzuri, maana kinachofanana katika zote mbili ndicho kilichokwama kweli.

## Imeganda au inajikokota?

Swali hili huokoa saa nyingi. Tazama mambo mawili.

La kwanza ni `/proc/mdstat`. Ukiona `check`, `resync` au `recovery` ikiwa na asilimia inayosogea, safu iko kazini. Mifumo ya ukoo wa Debian huratibu ukaguzi wa safu Jumapili ya kwanza ya kila mwezi usiku. Mingine hukagua kila Jumapili. Kama malalamiko huja Jumapili, jibu unalo. Ukaguzi hutambaa kwenye diski nzima, na maombi ya kawaida yanayoangukia eneo linalokaguliwa husubiri zamu. Kikomo cha juu cha kawaida ni 200000 KB kwa sekunde, ambacho diski nyingi za kuzunguka hazikifikii, kwa hiyo kwao ni sawa na kutokuwa na kikomo. Kipunguze kwa safu hiyo pekee:

    echo 30000 > /sys/block/md0/md/sync_speed_max

Kama watumiaji wanapumua ndani ya dakika moja, hapakuwa na kuganda. Ukitaka ukaguzi usimame kabisa, andika `idle` kwenye `/sys/block/md0/md/sync_action`.

La pili ni data iliyorundikana kwenye RAM ikingoja kuandikwa:

    grep -E 'Dirty|Writeback' /proc/meminfo

Kerneli kwa kawaida huruhusu hadi asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana ijae data ya aina hiyo kabla ya kuwazuia waandishi. Piga hesabu: kwenye mashine ya GB 64 hiyo ni karibu GB 12, na diski inayoandika MB 100 kwa sekunde itahitaji dakika mbili kuimaliza. Atakayeita `fsync`, yaani anayetaka data yake ifike diskini sasa hivi, katikati ya mafuriko hayo anaweza kusubiri dakika hizo mbili zote. Namba ya Dirty ikishuka kila ukisoma upya, maji yanatoka, ila bomba ni jembamba. Weka `vm.dirty_bytes` na `vm.dirty_background_bytes` kwa mamia ya MB, uendelee na maisha. Ikiwa Writeback imesimama palepale bila kupungua hata kidogo, endelea kushuka.

## Anayelalamika si mwenye kosa

Katika `dmesg` utaona mistari ya `blocked for more than 120 seconds`. Mlinzi wa kerneli huitoa pale mchakato ukikaa katika hali ya D kwa sekunde 120 bila kuamka. Watu hukamata jina lililomo kwenye mstari huo, sema `mysqld` au `rsync`, na kuanza kulishtaki. Jina hilo ni la mwathirika. Jingine la kujua: mlinzi huyu ana akiba ya maonyo 10 tu, kisha hunyamaza hadi mashine iwashwe upya au uiongeze akiba hiyo katika `kernel.hung_task_warnings`. Kwa hiyo ukimya wa `dmesg` leo haimaanishi shwari. Huenda maonyo yaliisha wiki iliyopita.

Waorodheshe waliokwama:

    ps -eo pid,stat,wchan:32,args | awk '$2 ~ /^D/'

Kisha kwa kila namba ya mchakato inayokuvutia soma `/proc/NAMBA/stack` ukiwa root. Mlolongo husomwa kutoka juu: mstari wa kwanza ndipo mchakato ulipolala, na iliyo chini yake ni njia iliyoufikisha hapo. Huhitaji kujua msimbo wa kerneli. Majina machache yanatosha kukuelekeza.

`jbd2_log_wait_commit` ni mtu anayesubiri daftari (journal) la ext4 lifungwe. Usihangaike naye, mtafute uzi (thread) wa `jbd2/md0-8` wenyewe uone umelala wapi. Mwenzake upande wa XFS ni `xlog_grant_head_wait`, anayesubiri nafasi kwenye daftari. `md_super_wait` na `md_write_start` zinasema tatizo limeshavuka mfumo wa faili na kuingia kwenye safu: md inataka kwanza kuandika taarifa zake zenyewe na haijafanikiwa. `wait_barrier` ni ombi lililokuta njia imefungwa ndani ya RAID 1, ama na usawazishaji ama na urekebishaji wa kosa. `blk_mq_get_tag` ni foleni ya diski iliyojaa, hakuna nafasi ya ombi jipya. `__sb_start_write` au `percpu_rwsem_wait` juu kidogo tu ya `vfs_write` ni harufu ya mfumo wa faili uliogandishwa kwa makusudi, na habari zake ziko mbele. Ukikuta majina yanayoanza na `rpc_` au `nfs`, acha kuzitazama diski hizi kabisa: unayemsubiri yuko upande wa pili wa mtandao.

Uzi wa kuutazama kuliko zote ni `md0_raid1`. Ndio mhudumu wa safu. Ukiwa umelala usingizi wa kawaida, hali ya S, hana kazi au anangoja diski zimrudishie majibu. Ukiwa umekwama D, soma stack yake kabla ya ya mtu mwingine yeyote.

## Shuka hadi kwenye chuma

Kila diski ina faili ndogo yenye namba mbili: maombi ya kusoma na ya kuandika ambayo yametumwa na hayajarudi.

    # for d in sda sdb; do echo $d $(cat /sys/block/$d/inflight); done
    sda 0 0
    sdb 1 17

Rudia baada ya sekunde kumi. Kama `sda` ni sifuri na `sdb` imeng'ang'ania 1 na 17, umempata. Pacha mmoja amemaliza kazi yake zamani, mwingine ameshikilia ombi moja la kusoma na kumi na saba ya kuandika, na mashine nzima inamngoja. `iostat -x 1` itakuonyesha picha hiyo hiyo kwa sura nyingine: `%util` ya `sdb` iko 100 wakati `r/s` na `w/s` ni sifuri. Diski yenye kazi nyingi huonyesha 100 na namba kubwa za maombi. Diski iliyokwama huonyesha 100 na sifuri. Usizichanganye.

Kama debugfs (mfumo wa faili wa kuchungulia ndani ya kerneli) imepachikwa, unaweza kuyaona maombi yenyewe moja moja:

    cat /sys/kernel/debug/block/sdb/hctx*/busy

Kutoka hapa njia zinagawanyika. Ikiwa diski moja imeshikilia maombi, soma sehemu mbili zinazofuata. Ikiwa zote mbili zimekwama kwa pamoja, waza kitu wanachochangia: kontrola, umeme, kasha la USB. Ikiwa zote mbili ni sifuri na bado watu wamekwama, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya diski zilizo huru.

## Diski inayoficha ugonjwa

Hii ndiyo sababu ninayoishuku kabla ya nyingine zote, hasa pale safu imejengwa kwa diski za kompyuta za mezani.

Diski ya mezani ikishindwa kusoma sekta haisemi. Hujaribu tena, na tena, kwa dakika mbili au zaidi, kwa sababu mtengenezaji anadhani ndiyo nakala pekee ya data uliyonayo. Kwenye RAID 1 dhana hiyo ni mbaya: nakala ya pili ipo umbali wa waya mmoja, na tungependa diski ikiri kosa haraka ili md isome kwingine. Mficha maradhi kifo humuumbua, na diski hii hufa kwa mkono wa kerneli. Kerneli husubiri jibu la ombi kwa sekunde 30 tu. Zikiisha hujaribu kulifuta ombi, kisha hurudisha waya katika hali ya mwanzo. Diski, ikiwa bado imezama katika majaribio yake, haijibu hata hilo. Mwisho diski ambayo ingeweza kurekebishwa kwa kuandika upya bloku moja hutupwa nje ya safu nzima. Au, mbaya zaidi kwa watumiaji, hairushwi nje: inaamka, inajibu, inazama tena kwenye sekta ya jirani, na mzunguko unaanza upya.

Kinachofanya safu nzima isimame na si ombi lile moja tu ni hiki: md ikipata kosa la kusoma kwenye RAID 1, huzuia kwanza maombi yote ya safu, halafu husoma bloku ile kutoka kwa pacha mzima na kuiandika upya kwenye diski yenye kosa. Kazi hiyo ikienda sawa utaona `read error corrected` kwenye `dmesg` na hakuna aliyehisi. Diski ikizama katikati ya kazi hiyo, hata wanaosoma faili zilizo salama kabisa wanasubiri.

Ushahidi wake kwenye `dmesg` ni `failed command: READ FPDMA QUEUED` ikifuatana na `UNC` (data isiyosomeka), halafu `hard resetting link`. Kwenye SMART, taarifa za afya ambazo diski huzitunza yenyewe, tazama sifa namba 197, sekta zinazosubiri uamuzi, na namba 5, zilizohamishwa. `smartctl` nayo huongea na diski hiyo hiyo, kwa hiyo inaweza kukwama. Usiiendeshe kwenye kikao chako cha pekee.

Kisha uliza swali lenyewe, diski itajaribu kwa muda gani kabla ya kukiri kosa:

    smartctl -l scterc /dev/sda
    smartctl -l scterc /dev/sdb

Jibu la `70` kwa kusoma na kuandika ni sekunde 7: diski itakata tamaa ndani ya muda huo, mapema kuliko zile 30 za kerneli, na md itafanya kazi yake. `Disabled` maana yake diski inaweza lakini haijaambiwa, iambie:

    smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdb

Diski nyingi husahau agizo hili umeme ukikatika, hivyo lazima lirudiwe kila mashine inapowaka. Na ikiwa jibu ni kwamba diski haiungi mkono kipengele hiki, geuza upande wa pili: iongezee kerneli subira hadi ipite ya diski.

    echo 180 > /sys/block/sdb/device/timeout

Hili la pili halizuii kuganda. Safu itakaa kimya dakika mbili au tatu kila sekta mbovu ikiguswa, ila haitaitupa diski ovyo. Ni afadhali kuliko kupoteza pacha mmoja siku ambayo mwingine naye ana sekta mbovu, ila diski ya namna hiyo mahali pake si kwenye safu.

Ikiwa unahitaji nafuu ya haraka wakati diski mpya iko njiani, mwambie md asisome kutoka kwa mgonjwa:

    echo writemostly > /sys/block/md0/md/dev-sdb1/state

Kuandika kutaendelea kwa wote wawili, lakini kusoma kutaenda kwa `sda1` isipokuwa pale hakuna njia nyingine. Kama kuganda kulitokana na sekta zisizosomeka, utaona utulivu mara moja.

Diski zinazopanga nyimbo kwa kupandiana kama vigae vya paa, zile za SMR, zina tabia inayofanana lakini chanzo tofauti. Zikipokea maandiko mengi mfululizo, hasa wakati wa kujenga pacha upya, hujaa eneo lao la muda na kukaa zikijipanga upya huku ombi likisubiri. SMART itakuwa safi kabisa. Hakuna mpangilio wa kulitibu hilo, badilisha diski.

## Waya, kontrola, umeme

Sifa namba 199 ya SMART huhesabu makosa ya data njiani kati ya diski na kontrola. Namba hii haishuki kamwe, kwa hiyo thamani yake haikuambii kitu. Kupanda kwake ndiko kunakosema. Iandike, subiri siku moja, itazame tena. Kwenye `dmesg` utaona `ICRC` (kosa la njiani) badala ya `UNC`, na pengine `limiting SATA link speed to 3.0 Gbps`. Badilisha waya kabla ya kubadilisha diski, kisha ubadilishane poti za pacha hao wawili: tatizo likihama na diski, ni diski, likibaki kwenye poti, ni kontrola.

Muda wa kungoja ukiisha kwa `WRITE FPDMA QUEUED` kwenye diski zote mbili kwa sekunde ile ile, tazama umeme au kontrola. Diski mbili haziugui kwa sekunde moja. Kasha la USB lenye diski mbili ndani ni kesi ya namna hiyo hiyo: safu ina nakala mbili lakini njia ni moja, na `uas_eh_abort_handler` kwenye `dmesg` itakuonyesha hivyo.

## Diski zote ziko huru, bado watu wamekwama

Hapa `inflight` ni sifuri kila mahali. Hakuna chuma kinachosubiriwa.

Sababu ya kawaida ni kitu kilichogandishwa kwa makusudi kikasahaulika. Skripti ya nakala rudufu iligandisha mfumo wa faili kwa `fsfreeze`, ikachukua picha ya data, ikafa kabla ya kuufungua. Kusoma kunaendelea vizuri, kuandika kokote kunakwama, na stack zote zina `__sb_start_write`. Dawa ni `fsfreeze -u` kwenye saraka husika. Ukiwa hujui ni ipi, `echo j > /proc/sysrq-trigger` hufungua zote zilizogandishwa kwa njia hiyo. Kama kuna LVM (mfumo wa kugawa nafasi ya diski) juu ya safu, tazama:

    dmsetup info | grep -E 'Name|State'

Jina lenye `SUSPENDED` ndilo lililofunga njia. Kabla ya `dmsetup resume`, hakikisha hakuna amri ya LVM inayoendelea kweli, maana ukifungua katikati ya kazi yake utaiharibu.

Kesi ya pili huwasumbua wenye safu zilizoundwa kwenye mipangilio ya bodi ya mashine, zile ambazo `/proc/mdstat` huandika `external:` kwenye mstari wake. Katika safu hizo kerneli haiandiki taarifa za safu yenyewe. Kazi hiyo ni ya programu iitwayo `mdmon`. `mdmon` ikifa, andiko la kwanza baada ya safu kutulia hukwama milele, kwa sababu hakuna wa kuitia alama safu kwamba sasa inaandikwa. Soma `/sys/block/md126/md/array_state`: ikikaa `write-pending`, mtafute `mdmon` kwenye `ps`. Usidanganyike na jina, mara nyingi herufi yake ya kwanza ni `@`, alama inayoiambia systemd isiiue wakati wa kuzima. Kama haipo kabisa, iwashe kwa `mdmon` na jina la kontena, kwa mfano `md127`, na maandiko yaliyokwama yatapita yenyewe.

Yakishindikana hayo yote, na `md0_raid1` iko D, hasa ukaguzi au usawazishaji ukiwa unaendelea au umetoka kusimamishwa, basi huenda nyuzi mbili za kerneli zinasubiriana. Hilo ni kosa la msimbo, huwezi kulitatua kwenye mashine inayokimbia. Chukua `echo t > /proc/sysrq-trigger`, hifadhi matokeo yote nje ya mashine pamoja na jibu la `uname -a`, washa upya, panda toleo la kerneli. Matokeo ya `t`, yaani orodha ya michakato yote, ni marefu na hufuta mwanzo wa `dmesg`, ndiyo maana `w` ilitangulia.

## Kutoka salama

Mgonjwa amejulikana na ni `sdb`. Kabla ya kumtoa, hakikisha `sda` ni mzima: SMART yake safi, `inflight` yake inasogea. Nimeona watu wakiiondoa diski inayolalamika na kubaki na ile ambayo ilikuwa na sekta mbovu ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma. Kisha:

    mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdb1

Amri hii humtia alama, lakini maombi ambayo `sdb` imeshikilia lazima yarudi kwanza, hata kwa kosa. Yasiporudi, `echo 1 > /sys/block/sdb/device/delete` humng'oa kwenye kerneli. Nayo ikikwama na trei inaruhusu kuchomoa mashine ikiwa hai, chomoa. Soma namba ya mfululizo (serial) ya diski kwenye `/dev/disk/by-id` ulinganishe na lebo kabla ya kuvuta chochote. `sdb` ni jina la leo tu. Kesho mashine ikiwaka linaweza kuwa la diski nyingine.

Ikiwa mgonjwa bado anasomeka kwa kusuasua na una nafasi ya diski ya tatu, usimtoe kwanza. Ongeza mpya, kisha badilisha:

    mdadm /dev/md0 --add /dev/sdc1
    mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdb1 --with /dev/sdc1

Hivyo hukai hata dakika moja na nakala pekee.

Ukilazimika kuwasha upya kwa nguvu, tuma `s` (andika data), `u` (mifumo iwe ya kusoma tu) na `b` (washa upya) kwa `/proc/sysrq-trigger`, ukiachia sekunde chache kati yao. Mashine ikiamka, iache safu imalize kujisawazisha; kama ina ramani ya maandiko ni kazi ya muda mfupi, na kama haina, `mdadm --grow --bitmap=internal /dev/md0` itakufaa mara ijayo. Ukaguzi wa mfumo wa faili ufanye juu ya `/dev/md0`, kamwe si juu ya `/dev/sda1` peke yake, la sivyo nakala mbili zitatofautiana bila md kujua. XFS ipachike kwanza ili daftari lake lichezwe, ishushe, ndipo `xfs_repair -n`.

Halafu endesha `check` na usome `mismatch_cnt`, hesabu ya tofauti kati ya nakala mbili. RAID 1 haina jumla ya uthibitisho kwa kila bloku, kwa hiyo nakala mbili zikitofautiana md haijui ipi ni ya kweli. Amri ya `repair` huchagua moja na kuinakili. Namba ndogo kwenye safu iliyobeba swap si ya kuogofya. Kwenye safu ya data pekee, linganisha faili na nakala rudufu kabla ya kuandika `repair`.

Kuhusu tahadhari: `mdadm --monitor` isingekuamsha, maana muda wote huo safu ilisoma `[UU]`. Anayeweza kukuamsha ni `smartd`, na mstari mmoja kwa kila diski katika `smartd.conf` huweka pia zile sekunde 7 kila inapowaka:

    /dev/disk/by-id/JINA-LA-DISKI -a -l scterc,70,70 -s (S/../.././02|L/../../6/03) -m root

Hapo kuna jaribio fupi kila siku saa 8 usiku na refu kila Jumamosi saa 9 usiku. Hakikisha jaribio refu halikutani na ukaguzi wa safu.